Diski Zenye Uzoefu

Jumatatu, 2 Julai 2007

Baridi ya Sumbawanga imenitoa kitandani vibaya, lakini nimeamka na wazo. Benki ya Kumbukumbu! Watu wa Mazwi wataniletea video za harusi, nitazitunza kwenye seva yangu milele, watalipa kila mwezi. Fahadi wa duka la kompyuta atakoma.

Uzinduzi ni Jumamosi ya wiki ijayo, baada ya misa ya mwaka mmoja wa mama. Ukoo mzima utakuwa sebuleni kwangu kuangalia harusi ya dada yangu Evodia, pale mama aliposimama kumwimbia na kumuaga. Ndiyo video pekee aliyomo mama. Kanda yenyewe nilirekodi ubatizo wa watu juu yake zamani, kwa hiyo imebaki kwenye diski yangu kuukuu tu. Watalia, na mtu anayelia hujiandikisha upesi.

Jumanne, 3 Julai

Nimekwenda kwa Fahadi kupeleleza. Kajifanya mwema. Kasema seva inayowaka mchana na usiku inataka diski zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, mpya, zenye dhamana, tena ziwe mbili, na nakala nyingine ikae nyumba nyingine. Nyumba ya nani? Yake?

Nikapita Malangali kwa mzee Ngeleja, mfugaji, nikamuuliza kijanja mtu huchaguaje maksai. Kasema nimchukue aliyekwisha kuzoea jembe, mgeni wa kazi atanisumbua, ila kwanza nimfungue mdomo niangalie meno. Basi. Diski haina meno.

Ijumaa, 6 Julai. Tunduma

Nimepata! Diski mbili, zimetolewa kwenye kompyuta za ofisi moja kubwa ng'ambo ya mpaka. Muuzaji kaapa zimefanya kazi miaka mitano, mchana na usiku, bila kupumzika. Za Fahadi hazijafanya kazi hata dakika moja! Nani anaajiri mtu asiye na uzoefu? Dhamana hakuna, ila muuzaji ana uso wa mtu mkweli.

Jumapili, 8 Julai

Barabara imenivunja mgongo. Begi la diski lilipanda juu ya basi pamoja na viazi, nikabishana na kondakta, nikashindwa. Lakini diski zimewaka zote mbili! Zinalia kidogo, tk, tk, kama mtu anayebangua karanga. Hizo ni nguvu. Nimenakili harusi ya Evodia kwenye zote.

Jumatano, 11 Julai

Safari imeniacha sina kitu. Nimemuuzia Fahadi diski kuukuu. Kaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaomba angalau ile harusi aitunze kwake, bure. Ahaa! Anataka wateja wangu. Nimemlazimisha aifute mbele yangu, aandike vitu vingine juu yake kisibaki kitu. Kafuta polepole, hakunitazama. Nimefurahi siku nzima.

Alhamisi, 12 Julai

Diski ya kwanza haionekani kwenye kompyuta. Nimeipiga kibao kidogo. Haionekani. Sijamwambia mtu. Ya pili ipo, inabangua karanga. Nimeifunika khanga isipate baridi.

Jumamosi, 14 Julai

Misa imekwenda vizuri. Evodia amepanda kutoka Muze, kule bondeni, tangu jana na watoto, mdogo hajawahi kumwona bibi yake. Viti vya kuazima, fomu za Benki juu ya meza, kalamu tano. Nikawasha. Harusi ikaanza, ngoma ikasikika, mama akaonekana kwa nyuma akirekebisha kilemba. Akainuka. Tk. Picha ikaganda, kisha giza.

Nikazima, nikawasha. Nikafanya hivyo mpaka shangazi wakaanza kukunja khanga zao. Fomu hakuna aliyegusa.

Evodia hakunigombeza. Bora angenigombeza. Aliniuliza tu, "Kaka, kabla ya kuimba, mama alisema nini pale?"

Sikumbuki. Mimi ndiye niliyeshika kamera. Nilikuwa naangalia betri.

Jumapili, 15 Julai

Nimekwenda nyumbani kwa Fahadi kumbembeleza. Kasema, "Kasimiri, uliniambia nifute kisibaki kitu. Hakikubaki." Mke wake kanipa chai.

Nimerudi nimekaa uani. Najisikia vibaya sana. Evodia alikuwa jikoni anamwimbia mtoto ule wimbo wa mama, wa Kifipa, wote mpaka mwisho. Kumbe anaujua. Mimi najua mstari wa kwanza tu, na shangazi wanasema wameusahau.

Jumatatu, 16 Julai

Nimeamka na wazo! Nitamrekodi Evodia akiimba, maana ndiye pekee aliyebaki anaujua. Nimemsihi asishuke Muze mpaka nipate diski ya kuuwekea. Fahadi katuma ujumbe kwamba ataniazima moja mpya. Anajipendekeza.

Nimempigia yule muuzaji wa Tunduma. Kasikitika sana, kasema zile zilikuwa bado changa. Sasa hivi anazo nyingine. Miaka kumi kazini!

Basi la Tunduma linaondoka kesho saa kumi na mbili asubuhi.