Chai Rasmi ya Idara

Idara ya Uratibu wa Mambo Yanayohitaji Uratibu ilitangaza, kwa fahari na taadhima, kwamba kuanzia mwezi huo chai rasmi katika ofisi zake zote itapikwa kwa ladha mpya ya taasisi. Uamuzi huo, tangazo lilisema, ulifikiwa baada ya utafiti wa kina. Utafiti wenyewe ulikuwa birika moja, na aliyelikoroga alikuwa Afisa Itifaki.

Watu walimwita Itifaki tu. Alikuwa mtu wa tai iliyonyooka, anayepanga viti vya mkutano kwa rula. Kupika chai haikuwa kazi yake. Lakini siku Mkurugenzi Mkuu alipokuja kukagua tawi, mpishi wa chai, mama wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, alikuwa ameomba ruhusa kwenda kumuuguza dada yake. Itifaki akavua koti, akaingia jikoni. Kabatini kulikuwa na makopo mawili yaliyofanana kama shilingi kwa ya pili: moja la sukari, jingine la chumvi ya mayai ya kuchemsha ambayo Shangazi aliwauzia watumishi. Itifaki akachota kwa ukarimu, akaipeleka chai ukumbini.

Aliporudi jikoni akalamba kijiko, roho ikamruka. Alikimbilia ukumbini, akakuta kikombe kimeshafika mdomoni mwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alipiga funda. Akatulia, macho yakienda mbali, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la mkwewe. Kisha akapiga funda la pili. Meneja wa tawi, aliyeketi kando yake, naye akaonja, akamtazama mkubwa wake, akameza.

"Tamu," akasema Meneja.

"Tamu sana," wakaitikia wakuu wa vitengo, mmoja baada ya mwingine, kama watu wanaoapishwa.

Wageni walipoondoka, Itifaki alipiga moyo konde akaenda kwa Meneja.

"Bosi, ile chai nilikosea. Nilitia chumvi."

Meneja hakuinua kichwa. "Mkurugenzi alimaliza kikombe?"

"Alimaliza."

"Ukamwongeza?"

"Nikamwongeza. Hakukataa."

"Sasa kosa liko wapi, ndugu yangu? Kosa ni kitu ambacho mkubwa amekitema. Hiki amekimeza. Hiki kinaitwa ubunifu."

Wiki ile ile Itifaki akateuliwa kuwa Mratibu wa Vinywaji, akapewa chumba chenye dirisha na kiti kinachozunguka. Angeweza kubisha. Lakini kiti kile kilizunguka vizuri mno. Tena alijiambia kwamba yeye alishakiri; kama maungamo yake yamekataliwa, afanyeje? Avunje mlango?

Ofisi ikazoea, kama ofisi zinavyozoea mambo. Watumishi walikunywa chai yao wakiwa wima, kisha wakakimbilia mtungi wa maji, mpaka foleni ya mtungi ikaundiwa kamati ndogo. Mhasibu, aliyekuwa na presha, alikuwa akimwaga yake kwenye chungu cha maua dirishani. Ua likakauka. Taarifa ya ofisi ikasema limestaafu kwa heshima.

Ndipo Shangazi akarudi. Hakuna aliyekumbuka kumwambia lolote. Akafunga kanga yake kiunoni, akabandika maji, akapika chai kama alivyoipika miaka yote. Watumishi walipoonja, wengine waliziba midomo ili furaha isionekane. Mhasibu alifuta machozi waziwazi.

Meneja alionja, akapiga kelele kama aliyeumwa na nge. Shangazi akasimamishwa kazi kwa tuhuma ya kuhujumu ladha ya taasisi, na kikao cha nidhamu kikaitishwa, mwenyekiti akiwa Mkurugenzi Mkuu mwenyewe.

Nyumbani Itifaki alisimulia yaliyompata Shangazi, akasukuma sahani pembeni. Mkewe, ambaye siku za amani alimwita baba watoto, alimkazia macho.

"Itifaki. Huyo mama si ndiye aliyekaa na wanao nilipolazwa?"

"Ndiye."

"Na chumvi aliitia nani?"

"Mama watoto, mimi nilishakiri. Meneja alikataa."

"Ulimwambia mtu mmoja, chumbani, mlango umefungwa, kisha ukapokea kiti. Huko ndiko kukiri? Mficha maradhi, kifo humuumbua." Akabeba sahani, akaenda zake jikoni.

Siku ya kikao, chai rasmi iliandaliwa kwenye chupa kubwa katikati ya meza. Shangazi alisimama mwisho wa ukumbi, pochi kifuani.

"Mtuhumiwa," akasema Meneja, "unakiri kwamba ulitia sukari kwenye chai kwa kukusudia?"

"Ningeitia kwa bahati mbaya vipi, baba? Chai si ndiyo sukari yenyewe?"

Itifaki akasimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa kuzingatia taratibu, napenda kubainisha kwamba ilijitokeza changamoto ya kimchanganyiko katika hatua ya awali ya..."

"Sema Kiswahili, mwanangu," Shangazi akamwambia taratibu.

Itifaki akavuta pumzi. "Nilikosea. Siku ile nilitia chumvi nikidhani ni sukari. Nikapewa cheo, nikanyamaza. Shangazi hana hatia."

Meneja aliruka. "Mheshimiwa, mtumishi huyu amechoka! Anahitaji likizo!"

Lakini Mkurugenzi alikuwa ameegemea meza. "Chumvi?"

"Chumvi, mheshimiwa."

"Kumbe!" Mkurugenzi akajishika kichwa. "Mimi nimezunguka hospitali mpaka manesi wananisalimia kama shemeji yao! Niliwasikia wote mnasema tamu, nikajua ulimi wangu umekufa. Nikaogopa kusema, nisije nikastaafishwa."

"Pole, baba," akasema Shangazi. "Lakini na wewe ulimeza ukanyamaza. Ungesema siku ile, mimi leo ningekuwa jikoni kwangu."

Mkurugenzi alimtazama mama yule, akaitazama meza, akakohoa.

"Kweli. Nami nilikosea, Shangazi. Unisamehe."

Karani wa muhtasari aliinua kalamu, akauliza kwa sauti ndogo neno "nilikosea" linaandikwaje linapotoka juu.

Hapo ndimi zikafufuka. Kila mkuu wa kitengo akakumbuka kwamba aliisikia chumvi tangu funda la kwanza, ila hakutaka kukatisha ajenda. Shangazi akarudishwa kazini palepale, akaagizwa awapikie wajumbe chai ya watu. Itifaki akakirudisha kiti kinachozunguka, akaketi kwenye benchi ukutani, akashangaa jinsi mgongo wake ulivyokuwa mwepesi.

Akabaki Meneja. Akisema aliisikia chumvi, amemdanganya Mkurugenzi na kumshtaki asiye na kosa. Akisema hakuisikia, hana ulimi. Alifikiri, akanyoosha tai, akachagua cheo.

"Mheshimiwa, mimi sikukosea. Chai ile ilikuwa tamu, na mpaka leo ni tamu."

"Hata hii ya leo?"

"Hasa hii ya leo."

Mkurugenzi akaivuta ile chupa kubwa, akamwekea mbele yake pamoja na kikombe. Meneja akamimina, akanywa, machozi yakimlengalenga.

"Tamu," akasema.

"Vizuri," akajibu Mkurugenzi, huku akipokea kikombe chake kipya kutoka kwa Shangazi. "Basi malizia chupa, isije ikapoa."