Picha Yangu Yahudhuria Semina ya Maadili

Jumatatu, 8 Desemba

Nimelificha kwa miaka mingi. Sasa moyo umechoka, daktari mwenyewe amesema, basi niliandike: tangu semina za mawakili zihamie mtandaoni, sijasikiliza hata moja. Nafungua kompyuta. Naandika jina: Simeon Wahome, wakili, Nyeri. Nafunga kamera. Nalala. Nikiamka nina alama. Mpango mzuri sana. Anayetaka leseni ya mwaka ujao lazima apate alama zake kabla ya mwaka kwisha, na mimi sijawahi kukosa.

Mtu aliyeshindwa na ngazi za mahakama anataka leseni ya nini? Nataka kuzikwa nikiwa wakili. Si “aliyekuwa wakili”. Nataka joho langu juu ya jeneza, wenzangu wamesimama na yao, na kwenye karatasi ya ibada, WAKILI, kwa herufi kubwa. Lakini mwenyekiti wa kamati ya mazishi ya mawakili wa hapa ni Kinuthia. Leseni yangu ikifa kabla yangu, Kinuthia ataandika “mstaafu”. Ataandika kwa furaha.

Mimi na Kinuthia hatujanywa chai pamoja tangu ile kesi ya wakulima wa kahawa wa Gakindu. Nilimshinda. Akaenda akitangaza kwamba nilishinda kwa sababu jaji alikuwa amelala. Amelala! Mawakili wote wa mji walicheka. Wengine hawajamaliza.

Nimebakiza semina moja. Maadili ya uwakili, Alhamisi. Rahisi.

Jumanne, 9 Desemba

Si rahisi. Barua pepe imetoka kwa Raudha, wakili kijana anayeendesha semina kutoka Nairobi. Sheria mpya: kamera iwe wazi mwanzo hadi mwisho, uso uonekane. Asiyeonekana hapati alama. Eti kuna mawakili wanaolala. Taaluma imeingiliwa na watu wa ajabu.

Nimefanya mazoezi. Nimevaa joho, nimekaa mbele ya kamera, na binti yangu Wangechi akajifanya mhadhiri. Alinisomea gazeti. Nikalala kabla hajamaliza habari ya bei ya maziwa. Anasema nilikoroma mpaka paka akatoka nje. Ati, Baba, si ukubali tu umezeeka? Nikamwambia mahakama haijaomba maoni yake.

Jumatano, 10 Desemba

Nimepata! Kichwa hiki bado ni hatari.

Nilikuwa nimemwagiza Salim, mpiga picha wa mjini, anitengenezee picha kubwa ya fremu, ile ya kusimamishwa kando ya jeneza. Jambo hilo siwaachii watoto. Wangechagua ile ya harusini ambapo natafuna. Salim ameileta leo. Joho, shingo imenyooka, macho makini kama ya mtu anayefuatilia hoja. Ukubwa ni wangu mwenyewe, kutoka kifuani kwenda juu. Nikiisimamisha kwenye kiti mbele ya kamera, nani atajua?

Pembeni Salim amefunga utepe wa zambarau. Nikamuuliza ni wa nini. Akasema, “Hiyo zawadi yangu, mzee wangu. Picha za namna hii zote huzifunga.” Nikauacha. Unafanana na nishani.

Wangechi amesema hiyo ni picha ya matanga na hataki kuiona sebuleni. Nimemwambia ni ya siku moja tu. Amekwenda jikoni akiongea na sufuria.

Alhamisi, 11 Desemba

Lazima niandike.

Niliisimamisha picha kitini. Mimi nikakaa kando, nje ya kamera, blanketi magotini, kipande cha nduma ya kuchemsha mkononi. Mambo yalikwenda vizuri. Raudha alisema mawakili wajitambulishe kwa kupunga mkono, na picha haikupunga, lakini wazee wengi hawakupunga. Nikaanza kusinzia.

Wangechi ndiye aliyeharibu. Alikuwa amerudi kutoka mkutano wa akina mama wa kanisa, na kitambaa chake cheupe kichwani. Alikuwa akikata vitunguu. Akapita nyuma ya picha akiimba wimbo wa kanisa polepole, huku akijifuta machozi.

Raudha akakatiza somo. Akauliza, Wakili Wahome, unatusikia? Picha ikamwangalia tu. Akauliza kama kuna mtu wa Nyeri. Kinuthia akafungua maikrofoni yake. Nilimwona kwenye kioo cha kompyuta, uso wake umekaribia kamera, anautazama ule utepe. Akavua miwani. Akasema, “Mawakili wenzangu, nafikiri familia inatuambia jambo.”

Nusu ya nchi ikasimama. Kimya. Nikaacha hata kutafuna.

Halafu akaanza kunisifu. Nilinyoosha mkono nimkatize, naapa nilinyoosha. Akasema Wahome alikuwa akifika mahakamani kabla ya walinzi. Kweli. Akasema Wahome hakuwahi kumtukana shahidi. Karibu kweli. Kisha akajifuta macho. Akasema kuna neno alilolibeba kwa miaka, na sasa mwenyewe hayupo kulisikia. Katika kesi ya Gakindu, jaji hakuwa amelala. Jaji alikuwa macho kabisa. “Wahome alinishinda kwa sheria,” akasema, “na mimi nikamnyima hata hilo.”

Nduma ikaanguka.

Raudha akasema marehemu apewe alama zake za leo kwa heshima, maana ameungana na wenzake hadi mwisho. Wote wakaandika Amina. Hii ndiyo semina ya kwanza ambayo sikulala.

Ijumaa, 12 Desemba, sikukuu ya Jamhuri

Sikukuu, kwa hiyo kila mtu alikuwa na nafasi ya kuja kuniomboleza. Nilikuwa uani naota jua. Aliyetangulia kufungua lango ni Kinuthia, suti nyeusi, shada la maua mikononi. Aliniona.

“Ngai, Mungu wangu!” akasema, akaketi. Aliketi juu ya shada.

Nilieleza haraka. Nikamwambia picha niliiweka pale kwa muda tu, nilitaka kuona itakavyopendeza ukutani, semina ikanikuta hivyo. Nikamwambia nilikuwapo muda wote, nikiwapigia kelele, nipo, nipo, lakini maikrofoni ya kompyuta imekufa. Akainuka kutoka juu ya shada. Ndipo akaanza kulia upya, akanishika kichwa kwa mikono miwili kama mtoto. Akasema basi umesikia. Nikasema nimesikia. Akasema afadhali, afadhali mara mia, maana alikuwa amekuja kuliambia jeneza.

Tukanywa chai. Wangechi alituletea, akaniangalia kwa jicho ambalo marehemu mama yake alikuwa nalo.

Waombolezaji waliendelea kufika. Jirani mmoja aliyeleta hema la matanga aliomba lisirudi bure, basi tukala chini yake.

Halafu Raudha, aliyekwisha kusikia kwamba niko hai, akapiga simu. Alishukuru Mungu kwanza, kisha akawa wakili: kama Mzee hakuonekana, alama zitafutwa. Kinuthia akaninyang'anya simu. Akasema anampa neno lake, yeye Kinuthia, ambaye hajawahi kusema uongo mbele ya baraza lolote: Wahome alikuwapo, alisikiliza kila neno, kilichokosekana ni maikrofoni. Raudha akasema neno la Wakili Kinuthia linamtosha.

Alama zimebaki. Nilikula nyama kidogo tu. Ilikuwa ngumu kumeza.

Jumapili, 14 Desemba

Kinuthia amekuja tena baada ya kanisa. Ameniletea zawadi kutoka mjini: maikrofoni mpya, ya kuvaa kichwani. Ameichomeka mwenyewe, magoti yakimlia. Ati, “Sasa wakikuzika tena, pinga.” Tumecheka hadi nikakosa pumzi, Wangechi akaja mbio na dawa. Amesema kuanzia Januari tutahudhuria semina pamoja, hapa kwangu, kompyuta moja, chai moja. Amefurahi sana. Sikuwa na moyo wa kukataa.

Alipoondoka nilimpigia Salim. Nimeagiza picha nyingine. Kichwa kimeinama kidogo, mdomo umefunguka nusu, kama mtu anayetaka kuuliza swali. Bila utepe. Na nyingine ya Kinuthia, ya ukubwa huo huo, ili mzee mwenzangu naye apumzike.

Wangechi, utayasoma haya nikiisha kwenda. Msomee Kinuthia, yeye anastahili. Lakini msomee baada ya mazishi, si kabla. Kabla, mwache asimame mbele ya watu wote, na majoho yote, aseme tena ile ya jaji. Aseme kwa sauti.

Kisha mwambie. Ile maikrofoni ya zamani ilikuwa nzima. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuifungua tangu aliposema jina langu, na sikukibonyeza, kwa sababu nilitaka aendelee.