Nyumba Moja, Kampuni Tatu

Jumatatu, 6 Oktoba

Kampuni yetu ya bima imepiga simu. Bima ya nyumba inaisha Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 17. Tukitaka kuendelea nao, bei imepanda. Imepanda kwa nini? Hawajui. Imepanda tu, kama mvuke.

Mke wangu amesema tutafute kwingine. Shemeji, kaka yake mkubwa, alikuwepo. Shemeji huwepo kila sufuria inapoteremshwa. Akasema ni jambo dogo: unauliza kampuni tatu, unalinganisha, unachagua iliyo nafuu. Akajitolea kulifanya yeye. Nikamwambia asante, nyumba hii ina mwanamume.

Mke wangu amekubali, ila kwa sharti. Ijumaa hiyo ikifika hatuna bima, mambo yote ya nyumba anamkabidhi kaka yake. Yote. Paa, fundi bomba, mpaka rangi ya geti. Alisema hayo bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. Ana cherehani tatu pale sebuleni, na ndizo zinazotusomeshea watoto. Tulipokuwa wapangaji, moto ulianzia kwa jirani ukala cherehani yake ya kwanza. Hakuna aliyemlipa hata sindano. Tangu hapo moto hautaniwi kwetu.

Nimemwambia aniachie mimi. Nauza magodoro mwaka wa kumi na tisa huu. Dukani wananiita Mshauri.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeomba ruhusa ya nusu siku. Nimezungumza na kampuni tatu. Ya kwanza iko ghorofani, ina kiyoyozi cha kugandisha samaki na viti vya kuzama. Ya pili haina ofisi, ni sauti ya dada kwenye simu. Ya tatu ni chumba kimoja ubavuni mwa duka la kinyozi: wakala mmoja, meza moja, nywele za watu mlangoni. Kwa ufupi nitaziita Ghorofani, Simu na Kinyozi.

Nimeshagundua siri yao. Wanauliza maswali, na kila jibu linasogeza bei. Kuna biashara nyumbani? Ukisema ipo, bei inapanda. Ukisema hakuna, inashuka. Nikaona pia kila kampuni ina hofu yake. Ghorofani wanaogopa biashara. Simu wanaogopa gesi. Kinyozi anaogopa wezi.

Mteja mwenye mgongo mbovu humwonyeshi godoro laini. Kila mtu na lake. Kwa hiyo Ghorofani nimewapa nyumba isiyo na biashara. Simu nimewapa nyumba isiyo na gesi. Kinyozi nimempa nyumba yenye mlinzi. Bei zote tatu zimeteremka palepale.

Mke wangu ameuliza kama kulinganisha si kuwapelekea wote nyumba ileile. Nimemweleza kwamba hivyo ndivyo wanavyolinganisha wanaoanza.

Tatizo dogo. Kila kampuni itatuma mkaguzi kuja kuona nyumba. Alhamisi Ghorofani, Jumamosi Simu, Jumatatu Kinyozi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mke wangu alikwenda kupeleka sare za shule. Nikapata nafasi. Cherehani tatu kutoka sebuleni hadi chumbani, peke yangu. Nani alisema cherehani ni kazi ya wanawake? Mgongo umelia mara mbili. Mbili nikazilaza kitandani nikazifunika blanketi. Ya tatu nikaisimamisha nyuma ya pazia.

Mkaguzi akaja. Mtu mfupi, mpole, ana futi ya kupimia, ngazi na mafua. Anapiga chafya kisha anaomba radhi kwa ukuta. Amegonga kuta, amepanda darini, ameangalia nyaya za umeme. Halafu akaomba kuona chumbani.

Akauliza ni nani aliyelala. Nikajibu: mgonjwa. Akashusha sauti. Akauliza ameanza lini kuumwa. Nikasema tangu Jumapili. Akasema pole sana, akatoka kwa kunyata. Sebuleni aliinama, akabandua uzi mwekundu kwenye suruali yake, akautazama, akautia mfukoni. Mtu nadhifu.

Mke wangu amerudi akakuta riziki yake imelala kitandani. Nikasema nilikuwa napiga deki sebuleni. Akatazama sakafu. Ilikuwa kavu. Akaniambia nizirudishe sebuleni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Zamu ya Simu. Leo cherehani ruksa, gesi marufuku. Mtungi nimeuweka kwenye kabati la nguo, nikauvisha koti langu la harusi ili usionekane mtungi. Jikoni nikaweka jiko la umeme la dukani kwetu, lile ambalo Bosi alikuwa akipashia chai. Waya wake umekatika, lakini nani atauliza?

Mlango ukagongwa. Mkaguzi ni yuleyule.

Nikajikaza. Watu hubadilisha kazi. Pengine Ghorofani walimfukuza kwa sababu ya chafya. Akanisalimia vizuri, akauliza mgonjwa anaendeleaje. Nikamwambia ameshapona, amekwenda kwa ndugu zake kupumzika. Akasema tumshukuru Mungu.

Mke wangu alikuwa sebuleni anashona. Mkaguzi akazisifu cherehani. Akasema ni imara, hasa pedali. Nikaitikia. Tukaenda jikoni, akalitazama jiko la umeme, akaushika ule waya uliokatika, akauweka chini taratibu. Tukaenda chumbani. Akafungua kabati, eti anatafuta unyevu. Akasimama kitambo akitazamana na koti langu la harusi. Kisha akafunga kabati kwa adabu, kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake.

Nikamwomba anywe chai kabla ya kuondoka. Mke wangu akadakia kwamba leo hakuna chai, mzee ameficha jiko. Mwanamke huyu hawezi kutunza siri hata ya dakika tano. Mkaguzi akasema hapana tabu, atakunywa siku nyingine.

Siku nyingine? Maneno ya adabu tu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nyumba yenye mlinzi. Shemeji nilimwomba jana awe mlinzi kwa nusu saa. Akacheka mpaka akapaliwa. Akasema yeye ana bima ya nyumba mwaka wa saba na hajawahi kuvaa nguo za mtu. Majivuno yatamponza.

Basi nikawa mlinzi mwenyewe. Koti nimeazima kwa mlinzi wa dukani. Yeye ni mtu wa miraba minne, mimi sivyo. Mpango ulikuwa mzuri: nifungue geti, niseme mwenye nyumba yuko ndani, nizunguke nyuma mbio, nivue koti, nimfungulie mlango wa mbele nikiwa mimi.

Gari likasimama. Akashuka na ngazi yake. Yuleyule!

Nikavuta kofia mpaka puani. Nikanguruma kwamba karibu, mwenye nyumba yuko ndani. Akasema asante, akauliza kama mgongo niliokuwa nimeushika Alhamisi umepoa. Nikazunguka mbio. Mlango wa jikoni ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Mke wangu akauliza nani. Nikasema mimi. Akauliza mimi yupi, mlinzi au mwenye nyumba? Siku zote nimesema ucheshi wake una wakati mbaya.

Nilipoingia, mkaguzi alikuwa ameshakaa sebuleni. Nikatokea na mkono mmoja ndani ya koti, mwingine nje. Akanikaribisha kiti. Kwangu! Kisha akanieleza, taratibu, kati ya chafya na chafya. Yeye anajitegemea. Upande huu wa mji kampuni hazina wakaguzi wao, zote humtuma yeye. Sasa mkobani ana nyumba tatu katika anwani moja. Aandike ipi?

Nikamshauri aandike iliyo nafuu.

Akapenga kamasi. Akasema ataandika aliyoiona kwa macho yake. Akaongeza kwamba miaka yote ya kazi hajawahi kuona mgonjwa mwenye pedali. Leo mke wangu alimpa chai, na alikunywa vikombe viwili. Walizungumza juu ya nyaya za umeme kana kwamba sipo.

Jumatano, 15 Oktoba

Ghorofani wamejitoa. Wamesema nyumba yangu haieleweki. Simu wamejitoa pia. Dada amesema nikitaka kuanza upya nianze na ukweli. Kinyozi amekaa kimya. Keshokutwa ni Ijumaa. Shemeji amepita jioni, akaanza kuangalia rangi ya geti.

Lakini aliyeonja biashara hakosi njia. Nimepata kampuni ya nne. Haina mkaguzi! Kila kitu kwa simu, na bei ni ya kutupa. Nimejibu maswali yote haraka. Biashara nyumbani? Hapana. Ilibaki kusema nakubali tu, na yote yangeisha. Nikaweka sauti ya juu ili mke wangu asikie ushindi.

Akaniambia niwaulize swali moja. Cherehani zikiungua, watalipa?

Nikauliza. Jamaa wa kampuni akajibu bila kusita. Umesema hakuna biashara nyumbani, kwa hiyo vifaa vya biashara havimo. Kuta watalipa. Cherehani hapana.

Mke wangu akakunja kitambaa, akakikunja tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba safari hii angekaa kwenye majivu na bima mkononi. Hakugomba. Angegomba ningemjibu. Niliona aibu, nayaandika haya maana hakuna anayesoma hapa. Nikamwambia yule jamaa nitampigia baadaye, nikakata simu.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mke wangu hajashona leo. Ameketi kwenye kiti cha sebuleni, simu sikioni, tangu asubuhi. Nimesikiliza kutoka jikoni nikijifanya naosha vikombe.

Amezungumza na Ghorofani, na Simu, na Kinyozi, na ile ya nne, na hata kampuni yetu ya zamani. Wote amewapa nyumba moja. Cherehani tatu, gesi ipo, mlinzi hayupo, paa la bati, nyaya mpya. Wote amewauliza maswali yaleyale. Moto, mtanilipa nini? Wizi, mtanilipa nini? Sehemu gani ya hasara naibeba mwenyewe kabla hamjaanza kulipa? Hakuwaomba wapunguze. Hakumsifu mtu. Mtindo mkavu sana, usio na ladha yoyote ya kibiashara.

Ghorofani wamekuwa ghali kuliko wote. Simu bei ndogo, lakini hasara ndogondogo zote unabeba mwenyewe. Ile ya nne haitaki cherehani hata kuzisikia. Kinyozi amekuwa wa chini kuliko kampuni yetu ya zamani, na cherehani zimo. Kumbe mkaguzi alimwandikia kwamba nyaya za nyumba hii ni nzuri kupita zote alizoziona mwaka huu. Nyaya zile aliziweka mke wangu tulipohamia hapa baada ya ule moto, mimi nikilalamika kwamba ni gharama ya bure.

Ni bahati. Bahati haina mwalimu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mke wangu amelipa kwa Kinyozi, kwa jina lake. Wakala aliuliza habari za mlinzi. Nikajibu ameacha kazi.

Shemeji alipiga simu kumpongeza dada yake. Mimi akanisalimia tu. Hakuna aliyekumbuka kwamba Kinyozi nilimpata mimi, kwa miguu yangu, nusu siku ya mshahara imekatwa. Anayepika haonekani, anaonekana anayepakua. Hata hivyo geti linabaki rangi yake, maana sharti lilikuwa bima, na bima ipo. Shemeji hana pa kushika.

Usiku mvua ilipiga. Mke wangu alilala fofofo. Nilimsikia anakoroma kidogo, jambo ambalo hajalifanya tangu Oktoba ianze. Nilifurahi, kusema kweli.

Jumapili, 19 Oktoba

Baada ya chakula mke wangu alizima redio, akaniambia kuna jambo. Nyumba ina bima, cherehani zina bima. Kitu pekee humu ndani kisicho na bima ni mimi. Akasema ukuta ukianguka utajengwa, cherehani itanunuliwa, lakini mimi nikianguka yeye atafanyaje? Kisha akasema tena, kwa haraka, kwamba nimeanza kuhema nikipanda ngazi.

Sikujua kwamba huwa ananisikiliza ninapopanda ngazi.

Kwa hiyo ni bima ya maisha. Tumekubaliana niulize kampuni tatu, nilinganishe. Amenisihi niseme ukweli kwa wote. Nimeahidi.

Ila nimechunguza kidogo. Wanapima presha, sukari na uzito, na kila namba inasogeza bei. Presha yangu hainipendi. Ya Shemeji ni safi, anakimbia kila asubuhi. Shemeji hacheki tena na mimi siku hizi, lakini nikimwambia ni kwa ajili ya dada yake atakwenda kupimwa kwa jina langu. Kampuni ya pili nitampeleka mlinzi wa dukani, mapafu yake ni mazima. Ya tatu nitakwenda mwenyewe, nikishafunga kula siku mbili.

Ukaguzi wa nyumba ni jambo moja, udaktari ni jambo lingine. Mji huu una madaktari wengi. Kampuni zote tatu haziwezi kumtuma mmoja.