Zahanati ya Msindoni, In Fact

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Kijiji cha Msindoni, Mheshimiwa Mtendaji, ambaye naambiwa simu yake imefariki na kwa hiyo yupo bila kupatikana, waheshimiwa wenyeviti wa vitongoji vyote vinne, pamoja na yule wa kitongoji cha tano ambacho bado kina kesi ya mpaka, Baba Mchungaji wa usharika, Katekista, Shehe uliyetoka Lembeni tangu alfajiri kwa ajili yetu, wazee wa mila, wazee wasio wa mila, kinamama wa kwaya, kinababa mliochagua kukaa kule mbali kidogo, karibu na sufuria la makande, wajumbe wa kamati ya mapokezi, wajumbe wa kamati ndogo ya kuisimamia kamati ya mapokezi, mabibi na mabwana, na dereva wangu Salehe, ambaye si mheshimiwa ila ndiye mwenye ufunguo wa gari. Itifaki imezingatiwa mpaka imechoka. (Makofi. Mbuzi mmoja analia.) Wazee wangu, shikamooni. (Marahaba, kwa uzito.)

Ndugu wananchi, mimi Anderson, Mratibu Mwandamizi wa Uhamasishaji wa Miradi Shirikishi, Ukanda wa Milimani, nimesimama mbele yenu kuifungua rasmi zahanati yenu, nikiwa juu ya jukwaa hili la mawe ambalo naona kamati imelijenga kwa ustadi mkubwa. (Sauti: Si jukwaa hilo. Ndiyo mawe ya zahanati.) Nimefahamishwa kwamba si jukwaa. Nimefahamishwa kwamba haya ndiyo mawe ya zahanati, ambayo ninyi wenyewe, kwa msaragambo, kazi yenu ya pamoja ya kila Jumatano, mwaka wa tatu sasa, mmeyabeba kichwani kutoka korongoni bila ujira na bila mtu wa kuwapa hata soda. Hongereni sana. Nimesimama juu ya juhudi zenu, na nawahakikishia kwamba zinanibeba vizuri. (Mtu anakohoa.)

Kabla sijaingia kwenye kiini cha ufunguzi, naomba niwashirikishe uelewa mpya nilioupata mwezi uliopita, nilipoteuliwa mimi na wenzangu kumi na tisa kuhudhuria semina elekezi ya siku tano kule Mwanga kuhusu matumizi ya linking words za Kiingereza katika mawasiliano ya maendeleo. Linking words ni viungo vya usemi. Mahindi na maharage yakikaa jirani kwenye gunia hayawi makande, mpaka yakutane jikoni. Na maneno ya kiongozi nayo hayawi hotuba mpaka yaungwe. Ipo aina ya kwanza, ya kutilia mkazo: in fact, indeed, as a matter of fact. Umesema jambo, ukaona nyuso za wasikilizaji zina mashaka, unaweka in fact, na jambo linakaa. Mkufunzi wetu alisema in fact ni msumari, kwamba kinachosemwa baada yake kimegongelewa na hakitikisiki. Ipo na aina ya pili, ya kusahihisha: actually, or rather, at least. Hiyo ni koleo la kung'olea msumari. (Sauti ya mzee: Rudia hapo pa msumari, naandika.)

Mzee Eliamini, nakufahamu. Kwa wageni wasiomjua, huyu alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka thelathini na moja, na leo amekuja na kaunta buku lake, kwa sababu sisi Wapare tunajijua, hatwendi mkutanoni bila kalamu, maana hujui kesi itaanzia wapi. (Kicheko.) Andika mzee wangu. In fact ni msumari. Kinachofuata baada yake ni kweli tupu, na ofisi yangu inakisimamia. (Mzee Eliamini anapiga mstari chini ya maneno hayo, mara mbili.)

Sasa mradi. Zahanati ya Msindoni imekamilika. (Makofi. Vigelegele.) In fact, imekamilika kwa asilimia tisini na mbili nukta nne, kiwango ambacho zahanati nyingi mnazoziona kwa macho hazijakifikia. As a matter of fact, ina vyumba kumi na viwili, kikiwemo chumba cha kujifungulia chenye vitanda vitatu, maji ya moto, sola juu ya paa, na pazia la rangi ya kijani ambalo nililipendekeza mimi mwenyewe. (Vigelegele vinapungua. Watu wanatazama kushoto, kisha kulia, kisha nyuma.) Actually, ndugu zangu, msihangaike kugeuka, nitafafanua. Vyumba hivyo vimekamilika katika ngazi ya mchoro. Or rather, katika ngazi ya kumpata mchoraji. At least, barua ya kumtafuta mchoraji ipo, nimeiona rasimu yake kwa macho yangu, ina kichwa cha habari kilichokolezwa wino na nafasi ya kutosha ya kuandika yaliyobaki.

(Bibi mmoja anasimama mstari wa mbele, mkono kiunoni.) Naona mama yangu Bibi Hedwiga amesimama. Shikamoo mama. Kaa tu, maswali ni mwishoni. (Hakai.) Mwenyekiti ananinong'oneza kwamba Bibi Hedwiga ndiye aliyebeba mawe mengi kuliko mtu yeyote kijijini hapa, na kwamba alianza kubeba mwaka ule binti yake Esta, huyu aliyeketi hapo kwenye mkeka, alipoteremshwa kwa machela kwenda hospitali ya Same akajifungulia njiani, na mtoto hakufika. Mama, pole sana. Ofisi yangu haikulipuuza suala hilo. Tumeliingiza kwenye jedwali la utekelezaji, chini ya safu ya changamoto, na in fact ndilo la kwanza kwenye safu hiyo. (Bibi Hedwiga: Baba, sitaki safu. Nataka chumba. Esta yuko mwezi wa tisa.)

Chumba kipo kwenye mpango, mama. Utafiti shirikishi tulioufanya, kwa kumpigia simu mtu mmoja makini sana pale Chome, umebaini kwamba asilimia mia moja na kumi na nne ya wanawake wa ukanda huu wanaunga mkono kujifungulia chumbani. (Kicheko kirefu. Mzee Eliamini anarudia hesabu pembeni ya ukurasa.) Na barabara mnayoilalamikia imeboreshwa. Or rather, inapitika. At least, mimi nimepita, na gari langu lile jeupe pale kwenye majani, ambalo lina viti vya ngozi na kipoza hewa ambacho kwa baridi hii ya mlima Shengena hatukukihitaji, limepanda bila hata kupiga honi, jambo ambalo kitaalamu ni kiashiria cha mafanikio ya sekta nzima ya ujenzi.

Hapo mbele kuna nini? (Kinamama wamemzunguka Esta. Mmoja anafunua khanga, mwingine anamshika mgongo.) Naambiwa ameanza uchungu. (Bibi Hedwiga: Ameanza tangu ulipofika chumba cha kumi na mbili.) Tuwe watulivu. Hili actually linadhihirisha umuhimu wa mradi, na ningeomba mpigapicha wa kamati asogee. Naambiwa kwa machela ni mwendo wa saa sita mpaka Same, na ukungu umeshaanza kushuka kutoka msituni, na njia ni ileile ya mwaka juzi. Nimeelewa. (Bibi Hedwiga: Mheshimiwa, tunaomba gari.) Nimesikia, mama. (Bibi Hedwiga, polepole: Sijawahi kumwomba mtu kitu. Mawe nilibeba mwenyewe. Leo naomba gari.)

(Hata mbuzi amenyamaza.) Ndugu wananchi, ombi hili limetolewa hadharani, na mimi si mtu wa kuogopa ombi la hadharani. Gari lile si la Anderson. Ni la umma, limenunuliwa kwa kodi zenu, ni lenu ninyi wananchi wa Msindoni. In fact, lichukueni sasa hivi. (Mzee Eliamini: Nimeandika.) Or… (Mlango wa gari unafungwa nyuma ya Esta. Wa pili. Injini inawaka.) Or ra… Salehe. Salehe, ngoja kwanza, sentensi haijaisha. (Gari linateremka, Bibi Hedwiga ameshika mshikio wa juu ya dirisha kana kwamba ndiye anayeendesha. Vigelegele vinalisindikiza mpaka kwenye kona.)

Nilikuwa naelekea kusema or rather, mwandikieni katibu wangu maombi kwa nakala tatu. (Mzee Eliamini anasoma daftarini kwa sauti ya mahakamani: Kinachofuata baada yake ni kweli tupu, na ofisi yangu inakisimamia.) Mzee wangu, ule ulikuwa mfano. (Mzee Eliamini: Mifano sikuipigia mstari.)

Sawa. Hakijaharibika kitu. Koti langu limo garini, simu yangu imo garini, na kurasa kumi na nne za mwisho za hotuba hii, zenye mafanikio yangu binafsi mwaka hadi mwaka, nazo zimekwenda kujifungua. Nitayasema kwa kichwa. Mwaka ule nilipoteuliwa… (Anaendelea kwa saa mbili na nusu. Makande yanaliwa. Mama mmoja anapanda mawe na kumfunika mheshimiwa kwa khanga, kisha anashuka. Simu ya Mwenyekiti inalia.)

Mwenyekiti, weka sauti ya nje tusikie sote. (Sauti ya Salehe, nyuma yake kelele za wodi: Wamefika. Amejifungua salama hapa Same, mtoto wa kike, analia vibaya sana. Bibi anauliza mheshimiwa ameshamaliza?) Mwambie bado kidogo. (Vigelegele vinafunika kila kitu. Kinamama wawili wanalia waziwazi, na Baba Mchungaji anafuta miwani.) Salehe, gari linarudi saa ngapi? (Salehe: Kesho, mheshimiwa, nikishawarudisha mama na mtoto. Umesema ni lao.) Kesho ni Jumatano. (Mwenyekiti: Ni siku ya msaragambo. Aliyelala kijijini hubeba jiwe, hata awe mgeni.)

Ndugu wananchi, nafunga. Msindoni, oyee. (Oyee, midomo imejaa.) Maendeleo, oyee. (Oyee.) Viungo vya usemi, oyee. (Mtu mmoja tu, kwa huruma.) Nawashukuru kwa mapokezi, nawashukuru kwa makande ambayo bado sijaonja, nawashukuru kwa khanga hii, na zaidi ya yote nawashukuru kwa kuja kwa wingi kwenye ufunguzi wa zahanati. (Mzee Eliamini: Ipi?) Hii. (Mzee Eliamini anangoja, kalamu juu ya karatasi.)

Zahanati haipo, mzee wangu. (Mzee Eliamini hajaandika bado. Anasubiri neno litakalofuata. Mkutano mzima unalisubiri.)

In fact, haijawahi kuwepo. Hakuna mchoro, hakuna rasimu, na jina la kijiji hiki nilielekezwa na Salehe leo asubuhi pale njia panda. Jengo la Msindoni ni haya mawe tu niliyoyakanyaga tangu saa nne. (Mzee Eliamini anaandika yote, anapiga mstari, mara mbili, kisha anapanda taratibu juu ya mawe na kumnyooshea daftari pamoja na kalamu.)

Nasaini wapi?