Mlivyooana na Kuachana Bila Kutualika

Ndugu Mwenyekiti, yeyote yule uliye wiki hii,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kiti bado unakikalia. Mimi ni Vlasta Kucera wa Harlan Springs, Nebraska, bikizee wa miaka themanini na minane. Darasani sikuingia. Jirani yangu Rozena anaandika ninavyosema, na nimemwonya asinilainishie neno. Marehemu mume wangu, Emil, alipanda mnara wa redio yenu miaka thelathini, akaniachia hisa arobaini. Kwa hiyo mimi ni mwenye mali kama wewe, tena nakusema kama mama.

1. Kampuni yenu ilikuwa Prairie Lark, jina la heshima. Mkaoana na kampuni ya Denholm mkawa Lark Denholm. Mkaachana. Mkarudiana, sasa ni Denholm Lark. Mwanangu, hata binamu yangu Zdenka, aliyeolewa na bwana yuleyule mara mbili, mara ya pili alioka kolachi, yale maandazi yetu ya plamu, akaita watu. Ninyi hata bakuli la viazi hamkuleta.

2. Nilipiga simu kuuliza redio ni ya nani. Binti wa ofisini kwenu akaniambia, "Bibi, ni ya kampuni mama." Na huyo mama ana mama? "Anaye, bibi, yuko Delaware." Na wa Delaware? "Yule ni mali ya mfuko wa akiba ya uzeeni ya walimu, huko Kanada." Maisha yangu yote nimewakwepa walimu, kumbe walinivizia uzeeni!

3. Hili ndilo linaloniuma. Kila adhuhuri, baada ya bei ya mahindi na nguruwe, Delbert, mtangazaji wetu, alikuwa anatusomea nani kazaliwa siku kama hiyo na nani kafa. Mmemfukuza. Sasa anasema mtu aliyeko Dallas, anatuonya baridi itaharibu machungwa. Machungwa gani? Huku hayaoti. Mzee Dvorak kazikwa na watu sita, wenzake wa karata hawajui kafa, bado wamemnunia kwa kutotokea. Na dada yangu Ludmila, asiyeona, yuko nyumba ya wazee. Jumanne ijayo anatimiza miaka tisini na mitano. Kila adhuhuri ananikemea, "Vlasta, funga domo, Delbert atanitaja!" Sina moyo wa kumwambia Delbert hayupo tena.

4. Basi acheni kuuzana. Shikamaneni na mmoja, hata akikoroma. Na huyo mpumbavu aliyepiga kura kuzikubali ndoa hizi zote, nitajieni jina lake. Nitamfuata na mwiko.

Msalimie mkeo, watoto, mlinzi wa mlangoni na walimu wote wa Kanada. Ukipita huku, njoo ule, nitakugombeza ukishashiba.

Mimi mama yenu, kwa upendo na hasira, vyote vya moto,
Vlasta Kucera

Nyongeza: Rozena alikuwa anatafuta stempu kwenye droo yangu. Ananiambia zile kadi za kijani mlizokuwa mkinitumia, ambazo mimi hutia alama kisanduku cha kwanza na kuzirudisha, zilikuwa kura. Kisanduku cha kwanza ni "Ndiyo". Mwenzangu, mtu wa posta alinisomea mara moja tu, akasema mnaomba kwa adabu, na stempu mmeshalipa. Huku kwetu mtu akiomba hivyo hakataliwi. Ndoa zote nimezifungisha mimi. Nyingine ilikuja jana, nayo nimeshaiposti. Basi huyo atakayewanunua mwambieni: Ludmila Pospisil, Jumanne, adhuhuri, mara tu baada ya nguruwe.