Ombi la Kuhamishwa kwa Mkate wa Si Thami

Kwa Fundi Allal,
Mwenye Tanuri la Mtaa wa Juu,
Sefrou.

Mheshimiwa Fundi,

Baada ya kukutakia mikono isiyoungua, nakuandikia kwa masikitiko, ingawa tanuri lako naliona kutoka dirishani kwangu. Nimeandika kwa sababu kila nikija kusema, huwakuta wanawake wakisubiri mikate yao, nao hucheka kabla sijamaliza.

Unajua kwamba tangu mkono wa mke wangu Ghita uanze kumuuma, mkate wa nyumbani nakanda mimi na kukuletea uuoke. Mimi ni karani wa posta. Sikuzaliwa na unga vidoleni. Lakini kila mchana nikirudi kutoka kwako na mkate juu ya ubao wangu, Ghita alikuwa akimega, akitafuna, na kusema, "Mzuri, Larbi." Sikuhitaji zaidi ya hapo.

Kisha nyumba ya ukuta mmoja nasi akahamia Bwana Thami, au Si Thami kama tunavyomwita kwa heshima, mgane, aliyekuwa mpishi jeshini, nawe ukaanza kuuweka mkate wake kando ya wangu rafuni. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mkate wake umevimba kama mto wa bibi harusi. Wangu, ambao hadi majuzi ulikuwa mkate, sasa ni kifuniko cha chungu. Sijapunguza hamira wala chumvi. Kilichobadilika ni jirani yake.

2. Ghita siku hizi hufuatana nami hadi kwako, akaitazama yote miwili, na tukifika nyumbani akimega wangu husema, "Si mbaya." Fundi, wewe una mke. Unaijua safari iliyopo kati ya "mzuri" na "si mbaya".

3. Hasara imeanza kurudi nyuma. Juzi kasema hata ule wa mwaka jana, akikumbuka vizuri, ulikuwa mgumu kidogo. Ule aliula akaomba kipande kingine. Mkate wa leo naweza kuutetea. Wa mwaka jana nitautoa wapi?

4. Sasa jambo limevuka mkate. Ghita ameniuliza kwa nini Si Thami anatembea wima ilhali tuko rika moja. Nikajibu kwamba jeshini hakuna viti. Akasema, "Kumbe posta vipo vingi."

Kwa hiyo naomba mkate wa Si Thami uhamishiwe mwisho wa rafu, nyuma ya nguzo. Ikishindikana, weka kati yetu mkate wa Bouchta muuza mkaa, ambao nimeusikia mwenyewe ukianguka sakafuni na kulia kama kigae. Na Bouchta akionyesha dalili za kujifunza, mtaa umzuie kwa upole, hata kama ni kwa kumwokea bure. Anatoa huduma kwa umma: bila yeye, nyumba nyingi zitabaki na waume wasiopendeza.

Nisalimie mkeo, Lalla Tamou, na watoto, na wale wanawake wa kwenye foleni, ambao najua watasomewa barua hii.

Wako mtiifu,
Larbi, ambaye mkate wake huutambua kwa alama ya vidole viwili.

Baada ya kuandika: Nilikuwa sijafunga bahasha, Si Thami akabisha hodi. Alitaka kujua naweka nini kwenye unga wangu. Nikadhani ananidhihaki. Akasema, "Si Larbi, nawasikieni kila mchana kupitia ukuta. Mkeo anamega, halafu anasema neno. Mimi wangu unavimba hivyo hivyo, naula, hakuna wa kuniambia hata si mbaya." Ghita alikuwa jikoni. Akaongeza sahani. Basi, Fundi, mikate iache ilipo. Kuanzia kesho nitaichukua yote miwili kwa pamoja. Leo tumekula watatu. Ghita aliumega wa Si Thami, akautafuna kwa muda, akamwambia, "Si mbaya, jirani." Yule bwana akainamisha uso, akafuta macho kwa leso. Mimi, nakiri, mkate wangu ulininogea ghafla.