Kinachogonga Juu ya Mti

Jumatatu, 3 Machi

Ko! Ko-ko! Sauti hiyo imenikaa kichwani tangu siku ya kwanza ya mafunzo ya kukwea miti kwa kamba. Hutoka juu kabisa, kwenye majani mazito ya mti wetu wa mazoezi. Ndege? Tunda? Mwalimu anasema ni upepo tu. Tangu lini upepo ukabisha hodi? Jumamosi, atakayepitisha uzi wa kupandishia kamba juu ya tawi kuu kwa mrusho mmoja ndiye atakayepanda wa kwanza. Lazima niwe mimi. Kizuizi: binamu yangu, Kombeo. Hakosi shabaha, na hachoki kutukumbusha.

Jumatano, 5 Machi

Mazoezi. Nimerusha kifuko cha mchanga, kile kinachofungwa uzi ili kiuvushe tawi, kwa ustadi mkubwa. Kimepaa! Uzi nao umepaa, wote, maana nilisahau kushika ncha. Vimetua kwenye bati la fundi cherehani. Ametoka, pini mdomoni, akauliza mbingu imenikosea nini.

Ijumaa, 7 Machi

Nina akili, jamani! Nimeamka alfajiri, nimerusha mpaka bega likaniuma, uzi ukapita. Nimeuacha palepale, ncha zimefichwa kichakani. Kesho nitajifanya narusha, kifuko kitaangukia nyasini, nami nitauvuta huu. Nani atajua?

Jumamosi, 8 Machi

Kombeo kanipisha: tangulia, dada. Kombeo na adabu wapi na wapi? Nikarusha. Nikavuta. Uzi ukagoma. Nikavuta tena, kichaka cha pili kikatikisika. Uzi wa Kombeo! Naye alikuja jana jioni, kwa hila ileile. Nyuzi zimesokotana huko juu. Wenzetu hoi kwa kicheko. Mwalimu akarusha wake mara moja tu, akapandisha kamba, akasema aliyeanza kufunga ndiye akafungue.

Mimi! Wa kwanza!

Nimefika, nimeona. Kifuko kikuukuu kinaning'inia kwa uzi ulionasa, kinagonga shina. Kina jina la mwalimu. Yuleyule anayehubiri kwamba wanaonasisha vifuko ni wazembe! Niliposhuka aliniuliza nimeona nini, macho kwenye viatu vyake. Nikasema: upepo.

Jumapili, 9 Machi

Mwalimu kanivuta pembeni. Tafadhali, mwanangu, kiangushe kimyakimya kabla Kombeo hajapanda. Nimeahidi. Nimekwenda peke yangu, nimerusha kifuko changu kikaking'oe chake. Kimenasa. Nimevuta, nimebembeleza, nimetukana. Sasa ni ko-ko, ko-ko. Viwili.

Kombeo kapita, kainua kichwa, kauliza sauti imeongezeka au ni masikio yake.

Nimemwambia ni upepo. Uzi wangu uliokuwa ukining'inia nilikuwa nimeshaukata.